Korongo Ambalo Muzee Nestori Hakulimaliza

Siku ya kuniaga, wenzangu wa ofisi walinipa kitenge, saa ya ukutani na kipaza sauti. Kitenge nakivaa, saa inakwenda. Kipaza sauti nilikirudisha bila kusema kitu, na nilipokuwa narudi kitini nikamsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mama Mwajuma haiko na maneno." Maneno ninayo. Ila nimefanya kazi miaka mingi mahali ambapo maji yanapiga kelele kuliko watu, nikazoea kusema kwa mikono.

Kwa hiyo nawaandikia. Nimekaa hapa kwetu Bwiza, Bujumbura, mashine ya kusaga ya jirani inanguruma, na mwenye baa ya ng'ambo ya barabara ameanza kujaribu spika zake mapema. Hali nzuri kabisa kwangu. Kimya kinanisumbua.

Vyeo sitavieleza. Nilipewa viwili, na kila kimoja kilinisogeza mbali na mto na kunikaribisha kwenye kiti. Kazi yenyewe, kwa atakayesoma bila kuijua, ilikuwa kupima mito ya nchi hii: kina chake, mwendo wake, maji kiasi gani yanapita wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na kutafuta mahali ambapo daraja linaweza kusimama au maji yanaweza kuzungusha mtambo wa umeme. Mito yetu mingi haitaki kupimwa. Inazaliwa juu kabisa kwenye baridi, inauona mto Rusizi kule chini, na inaamua kufika leo hii hii. Mto wenye haraka namna hiyo hauchongi bonde, unachana mlima. Ndiyo maana tuna makorongo ambayo jua huyatembelea kidogo tu kwa siku, kama mgonjwa asiye ndugu yake.

Siku ya kwanza, mkuu wa ofisi, ambaye tulimwita shefu kama kila mkuu anavyoitwa mjini hapa, aliniuliza kama naweza kupiga mashine haraka. Nikamwambia cheti changu ni cha upimaji ardhi, si cha ukarani. Akakigeuza cheti nyuma, kana kwamba huko kulikuwa na maelezo mengine. Mwishowe akaita, "Nestori! Kuya uangalie huyu."

Akaingia mtu mrefu, mwembamba, amevaa koti la sufi katika joto la Bujumbura. Alikuwa mtu wa Mugamba, kule mgongoni mwa nchi ambako asubuhi watu huongea na moshi unawatoka mdomoni. Alilivaa koti lile maisha yake yote ya kazi, na nadhani hakuwahi kuamini kwamba joto la mjini lilikuwa la kudumu.

"We mutoto wa wapi?"

"Wa Bwiza, muzee."

"Unajua kuogelea?"

"Apana."

"Vizuri. Mutu anajua kuogelea anazarauaka maji."

Akanichukua kwa miguu mpaka daraja la mto Ntahangwa. Nilidhani atanionyesha vyombo. Akaniambia nifunge macho. Watu walikuwa wanapita na mizigo, wanacheka, na mimi nimesimama pale darajani, msichana mzima mwenye cheti, nimefumba macho kama anayecheza kombolela.

"Unasikia nini?"

"Maji, muzee."

"Maji gani?"

Sikujua kama maji yana gani. Akanifundisha. Maji yanayopita juu ya mawe madogo yana sauti ya mchele unaopepetwa. Maji yenye kina yananong'ona. Maji yanayosukuma mawe makubwa chini chini husikii kwa sikio, unasikia kwa nyayo. Kisha akaniambia ninuse. Mto wa kiangazi unanuka jiwe. Mto ambao mvua imeupata huko juu, hata kama hapa jua linawaka, unanuka udongo mpya na majani yaliyochunwa. "Pua inafikaka mbele ya macho," aliniambia. "Ukingoja kuona, umechelewa."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kidogo. Baba yangu alikuwa fundi wa magari na alitaka nisome, lakini kusoma ni kitu kimoja na binti wa Kiislamu kwenda porini na wanaume ni kitu kingine. Siku nzima alikula bila kuangalia sahani. Kilichoniokoa ni dereva wa ofisi, Idi, kijana wa mtaa wetu ambaye baba alimfundisha kushika usukani. Baba akamwita, akampa chai, akamwambia, "Idi, huyu ni dada yako." Basi. Kuanzia hapo Idi akawa dereva wangu, mlinzi wangu na balaa langu. Alibeba mikeka miwili ya kusalia, chupa ya chai ya tangawizi, na mwavuli. Tulikuwa tunalowa mpaka kifuani mtoni, na Idi ukingoni amenifungulia mwavuli.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Eshele, yaani ubao wenye alama tuliousimamisha mtoni ili watu wa karibu watusomee kina cha maji. Muline, kifaa chenye panga dogo kama la feni, unakitumbukiza majini na kinazunguka kwa kadiri ya mwendo wa mto; tulikuwa na moja tu, na Muzee Nestori aliifunga kwa shuka la mtoto. Shambreri, ule mpira wa ndani wa tairi la lori, ndiyo ilikuwa mashua yetu. Na kamba. Kamba tulinunua kwa Bwana Nasoro, mfanyabiashara wa ukoo wa Kiomani ambaye babu yake alifungua duka hapa wakati mji ulikuwa na mbu wengi kuliko watu. Bwana Nasoro alikuwa mnene kupita kiasi. Kila tulipotaka kamba, aliifunga kwenye boriti ya duka, akaishika kwa mikono miwili, akajiachia. Boriti ililia, wateja walikimbilia nje, yeye akabembea pale na kanzu yake kama kengele. "Hii itawabeba, inshallah," alisema akishuka. Katika maisha yangu nimeona vyeti vingi vya ubora. Sijaona kingine nilichokiamini vile.

Miaka ya mwanzo tulizunguka nchi nzima. Ruvubu ilinifundisha subira, mto mpana unaokwenda polepole kati ya mafunjo, na viboko ambao walitutazama kama wenye nyumba wanavyowatazama wageni waliokaa mno. Muzee Nestori aliwaamkia kwa heshima, kwa Kirundi, na kamwe hakupita bila ruhusa. Alingoja mpaka wazame wenyewe, hata kama ilikuwa nusu ya siku. Kule kwao Mugamba alinionyesha mahali ambapo nchi inagawanyika. "Tema mate hapa, yanaenda Misri. Tema hapa, yanaenda Kongo mpaka bahari ingine." Idi akatema pande zote mbili ili asionekane ana upendeleo.

Lakini mto wa moyo wake ulikuwa mdogo, haumo hata katika ramani nyingi. Wenyeji wanauita Nyarubugu. Unatoka upande wa msitu wa Kibira na kumwaga maji yake katika Kaburantwa, na katikati ya safari yake unaingia katika korongo na kupotea. Ukisimama juu ukingoni, huoni kitu ila vichwa vya miti na ukungu. Lakini unasikia. Kutoka kule chini inapanda ngurumo nzito, haikomi, kama lori kubwa linalopanda mlima na halifiki. Muzee Nestori aliisikia mara ya kwanza alipokuwa kijana, akipita na ng'ombe wa mjomba wake. Aliuliza wenyeji ni nini. Wakamwambia ni maporomoko. Marefu kiasi gani? Hakuna aliyejua, hakuna aliyewahi kushuka. Tangu siku hiyo aliyabeba kichwani.

"Sauti kama ile," alituambia kila tulipopita njia ile, "inataka maji yaanguke kutoka mbali sana. Mi nasema hakuna kingine kama ile katika inchi hii. Siku moja nitasimama pale chini, niangalie juu mpaka kofia inianguke."

Kila shefu aliombwa ruhusa, na kila shefu alikataa, mpaka akaja mmoja aliyetaka kujua kama umeme unaweza kupatikana kule. Muzee Nestori alikuwa amekaribia kustaafu. Siku alipopata ruhusa alivua koti. Ndiyo mara ya pekee nilimuona bila koti mjini.

Tulikwenda mwisho wa kiangazi, maji yakiwa machache. Mpango ulikuwa rahisi: Muzee Nestori na mimi tuingie kwa upande wa juu, tufuate mto ndani ya korongo, na Idi azunguke na gari atungoje kwenye daraja la chini. Idi hakuupenda mpango. Alimpa Muzee Nestori chupa ya chai kana kwamba anampa mtoto wake amlelee.

Ndugu zangu, mimi sina lugha ya kueleza lile korongo, lakini nitajaribu. Mwanzoni ni mto wa kawaida, unatembea ndani yake, maji ya magotini. Kisha kuta zinaanza kuinuka pande zote mbili, nyeusi, zimelowa, zimeota makangaga yenye majani ya ukubwa wa mlango. Mbingu inapungua. Inakuwa barabara ya buluu, kisha uchochoro, kisha utepe. Baridi inakuingia shingoni. Kuna mahali tulisukuma shambreri yenye vyombo vyetu mbele yetu huku tumeshikilia kingo zake, maji yakiwa meusi na hayana chini. Sikuwa najua kuogelea bado. Nilikuwa nimejifunga kamba kiunoni na mwisho wake wa pili ulikuwa kiunoni mwa Muzee Nestori, naye aliimba kwa sauti ndogo, wimbo wa kuchungia, na mwangwi ukamjibu. Niliogopa na nilikuwa na furaha. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ile tena kwa ukubwa ule.

Ngurumo ilikuwa inakua. Mwanzo masikioni, kisha kifuani, kisha kwenye meno. Tukafika mahali ambapo kuta zilikaribiana na mto ukapinda kushoto. Ukungu ulikuwa unatoka nyuma ya kona ile kama mvuke wa chungu. Ilikuwa pale. Kona moja tu. Muzee Nestori alinigeukia na uso wake ulikuwa uso wa kijana.

Ndipo nikanusa. Udongo mpya.

Nikatazama maji kwenye magoti yangu. Vipande vya majani mabichi vilikuwa vinapita, na povu dogo la rangi ya chai ya maziwa. Nikatazama juu: utepe wa mbingu ulikuwa wa buluu safi.

Nikamvuta kwa kamba. "Muzee! Maji inanuka!"

"Ni ng'ombe," akapiga kelele kushinda ngurumo. "Banavuka huko juu!"

"Siyo ng'ombe, muzee. Nusa!"

"Kona moja, Mwajuma! Kona moja tu, tunarudi!"

Alijua. Pua yake ilikuwa bora kuliko yangu na alijua kabla yangu, nina hakika. Lakini alikuwa ameingoja kona ile tangu ujana wake. Akaanza kutembea. Mimi nikafanya kitu pekee nilichoweza: nikakaa chini. Nilikaa ndani ya maji, nikakumbatia jiwe kwa mikono na miguu, na kamba ikanyooka kati yetu, naye akasimama kwa nguvu kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake.

"Simama!"

"Apana, muzee!"

"Mi nakuamuru!"

"Ukate kamba basi uende! Mi siendi!"

Kisu alikuwa nacho kiunoni. Akakishika. Alinitazama, akatazama kona, akanitazama tena. Nilikuwa nalia, na maji yalikuwa yameshapanda kutoka kiunoni hadi kwenye mbavu zangu. Nadhani hilo ndilo aliloliona, kwa sababu uso wake ulibadilika. Akarudi mbio, akanishika kwapani, akanisukuma kwenye ufa wa ukuta na kuanza kunipandisha kwa mabega. Mizizi, jiwe, mizizi. Tulipofika kwenye ubao mwembamba wa mwamba, korongo zima lilitetemeka, na maji yakaja. Hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta wa matope wenye miti mizima ndani yake, na mahali nilipokuwa nimekaa hapakuwepo tena. Shambreri yetu iliruka mara moja, ikazunguka, ikapinda kushoto na muline ndani ya shuka lake.

Tulikaa pale tumebanana. Ngurumo ya maporomoko haikusikika tena, mafuriko yaliimeza. Muzee Nestori alikuwa ameshika kichwa changu kifuani pake kama mtu anayeficha kitu wezi wasikione, na macho yake yalikuwa yanaitazama ile kona.

Wakulima wa juu walitusikia tukiita na kututeremshia kamba za kufungia ng'ombe. Tulizunguka kwa miguu hadi daraja la chini. Tulimkuta Idi amekaa katikati ya barabara, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa ameiona shambreri ikipita bila sisi.

"Dada," aliniambia, "mi nimeshakulilia. Nimeshamaliza. Sasa hii machozi utanirudishia na nini?"

Kisha akasimama, akamwendea Muzee Nestori, akamfungulia chupa nyingine ya chai, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe.

Shefu hakutoa ruhusa tena. Muzee Nestori alistaafu baada ya mvua, akarudi Mugamba kwa mkewe Perepetua na ng'ombe wake. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akauliza habari za baba, akapanda gari. Juu ya Nyarubugu hakusema neno, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Baadaye ikaja miaka ya vita ambayo barabara za juu hazikupitika, na kila mtu mjini hapa anaikumbuka. Eshele zetu zilioza mitoni bila mtu wa kuzisoma. Nikabaki na Ntahangwa peke yake, na Ntahangwa ilikuwa inatosha. Mnajua inavyokula kingo zake pale Mutanga Sud. Alikuwepo mjane mmoja, Mama Konsolata, nyumba yake imesimama ukingoni, na kila mvua ilimpunguzia bustani. Nilikwenda kumwambia ahame. Alinikaribisha viazi, akasema, "Mi nilizalia batoto wote katika hii nyumba. Maji iseme yenyewe kama inanitaka." Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Maelezo yangu ya kitaalamu hayakumwingia. Mwishowe nilimpeleka nyuma ya jiko, nikamwomba avue viatu asimame. Akasimama. Akasikia mawe yanavyosogea chini ya nyayo zake. Akaenda kukunja magodoro. Jiko lilianguka mvua iliyofuata, yeye akiwa kwa binti yake kule Carama, na kila mwaka aliniletea maharage mpaka alipofariki. Mkiniuliza kazi gani naionea fahari, ni viatu vile.

Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, ziwani, nimevaa nguo zote, Idi ukingoni na mwavuli.

Kisha mkaja ninyi, vijana wa ofisi, na kofia zenu ngumu, kamba za rangi na kile kidege chenu chenye kamera. Mliposema mnataka kupima Nyarubugu nilidhani moyo wangu utasimama. Kidege kilishuka korongoni, kikagonga ukuta, kikafa. Tukalazimika kuingia kwa miguu, nami nikasema nakwenda, na mmoja wenu, simtaji, akauliza kama bibi ataweza. Bibi aliweza.

Mlikuwa nyuma yangu mnafunga kamba nilipoifikia kona. Ule ubao wa mwamba ulikuwa bado upo. Niliupapasa. Kisha nikapinda kushoto.

Mliona nilichoona, ila hamkujua kwa nini nilikaa chini. Maporomoko yale ni mafupi. Ni ya urefu wa nyumba ya ghorofa moja, labda na paa lake. Yanaanguka ndani ya shimo la mviringo lililofunikwa na mwamba karibu pote, mfano wa mtungi, na mtungi ule unaichukua sauti ndogo na kuikuza mpaka mlima mzima unatikisika. Nilipima kwa kamba mwenyewe, na sehemu kubwa ya kamba ikabaki mkononi. Nilicheka, kisha sikucheka. Tungekufa hapa, nilifikiri. Watu wawili wazima, kwa ajili ya hiki.

Niliporudi Bwiza nilikwenda kwa Idi, ambaye sasa anauza vipuri vya magari na amenenepa kumkaribia Bwana Nasoro, Mungu amrehemu. Nikamwambia Muzee Nestori bado yu hai, macho yamemwishia, na ni lazima niende kumwambia. Lakini nimwambie nini?

"Mwambie ni refu," Idi akasema bila kuinua kichwa. "Mwambie kofia ilianguka. Mutu muzee umuachie kitu yake."

"Atajua."

"Atajua nini? Haoni."

Nilipanda Mugamba peke yangu. Njia nzima nilibadilisha maneno. Nilimkuta amekaa mlangoni, ndani ya koti lile au ndugu yake, uso ameuelekeza kwenye jua. Aliijua hatua yangu kabla sijapiga hodi. Mama Perepetua, mwanamke mfupi ambaye kichwa chake kinanifikia begani, aliniletea maziwa na kunikaripia kwa kukonda kwa sauti iliyofukuza kuku.

"Umefika pale," Muzee Nestori alisema. Hakuuliza. "Nasikia katika pumzi yako. Sema."

Nilifungua mdomo nimpe yale maneno ya Idi, nikashindwa. Mtu yule alinifundisha kusikia. Nikamwambia yote: kona, mtungi, kamba iliyobaki mkononi. "Ni fupi, muzee. Fupi kama nyumba ya ghorofa moja."

Alirudisha uso wake kwenye jua, nami nikajuta.

"Mwajuma," alisema taratibu, "mi nilikukasirikia. Miaka yote hii. Nilikuwa najua uliniokoa, na bado nilikukasirikia. Nilikuwa nasema: huyu mutoto aliniibia kitu kubwa kuliko maisha yangu."

"Najua, muzee."

"Sasa unaniambia ni ghorofa moja."

"Ndiyo."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika mkono. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mkewe akapiga kelele kutoka jikoni kuuliza ni nini kinamuua mume wake, na kusikia sauti ile akacheka upya.

"Kitu fupi hivyo," alisema akijifuta macho, "na sauti yote ile! Mwananje, mutoto wangu, mi nilioa maporomoko nisijue."

Kisha akataka kujua mengine. Kama maji ni baridi. Kama ndani kuna mwanga. Nikamwambia jua likiwa katikati, mwali mmoja unaingia kwa juu na unasimama ndani ya ukungu kama nguzo. Akaniomba nirudie hilo la mwali. Nikarudia. Alikuwa bado ameshika mkono wangu, na kidole chake gumba kilikuwa kinasugua kifundo changu polepole, kama anayemfariji mtu, ingawa sikujua ni nani kati yetu alikuwa anafarijiwa.

Jioni ilipokaribia, jirani yake, mzee mwenzake ambaye inaonekana alikuwa amesikia habari za Nyarubugu maisha yake yote, akaja na kibuyu cha urwarwa, pombe ya ndizi. Akanisalimu, akauliza mgeni anatoka wapi.

"Huyu ndiye Mwajuma," Muzee Nestori akamwambia, akinyoosha mgongo wake wote ndani ya lile koti. "Amefika pale. Amesimama chini yake. Yale maji, jirani, hauwezi kuona mwanzo wake. Unaangalia juu, unaangalia juu, mpaka kofia inaanguka."

Jirani akanigeukia, mdomo wazi. "Ni kweli, mama?"

Muzee Nestori alikuwa amegeuza sikio lake upande wangu, anangoja.

"Kofia ilianguka," nilisema. "Na kitambaa cha kichwa pia."